Kidonge Ndani ya Loshoro

Mwaka juzi mke wangu aliingia kwenye utafiti wa dawa, na mimi nikauharibu. Sikuuharibu kwa kutojua. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani kwenye ghala la kahawa mpaka nikastaafu, na karatasi zote za ule utafiti nilizisoma mwenyewe, kwa sauti, nikimsomea yeye. Kwa hiyo sitaanza kwa kujitetea.

Tunakaa mlimani, juu kidogo ya Maji ya Chai, kwenye kihamba alichoniachia baba yangu, kahawa chini na migomba juu yake. Sisi tuliozaliwa huku tuna meno ya kahawia kwa sababu ya maji, na tukizeeka mifupa hukakamaa. Mke wangu alizaliwa juu zaidi, karibu na msitu, ambako maji ni mengine. Alikuja kwangu na meno meupe na miguu iliyoweza kushuka mpaka sokoni na kupanda tena bila kupumzika popote. Alipokaribia miaka sitini magoti yakaanza kuvimba. Alipofika sabini alikuwa akishuka ngazi mbili za baraza letu kinyumenyume, ameshika nguzo kwa mikono yote miwili.

Vidonge nilinunua mimi. Siku za soko nilipita kwenye duka la dawa la pale barabarani, nikasema tu "vile vya magoti," na muuzaji akanitilia diklofenaki kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Mwanzoni kimoja kwa siku, baadaye viwili, kwa miaka kama saba. Siku moja nilipewa boksi zima, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya maelezo. Iliandikwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo sana. Niliisoma dirishani, nimevaa miwani. Ilisema wazee wajihadhari, kwamba dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuumiza tumbo na figo. Niliielewa. Nikaikunja, nikaiweka chini ya redio, na sikumwambia. Nilijiambia kwamba afadhali mke anayetembea.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, mchungaji akatuomba wazee tubaki. Walikuja watu wa utafiti kutoka mjini, wakiongozwa na daktari mmoja msichana, umri wa mjukuu wetu wa kwanza. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja, safu nzima. Kisha akaeleza kwamba diklofenaki, dawa hii ya maumivu na uvimbe, imechunguzwa zaidi kwenye miili ya vijana, tena wa mbali, na sasa walitaka kujua mwili wa mzee wa huku unaifanyaje: unaivunja kwa kasi gani, vipande vyake vinatokaje, na vinaacha nini nyuma.

Jirani yetu, mzee ambaye hajawahi kukaa kikao bila kupinga, aliinua mkono. Alisema yeye akimeza kidonge anataka maumivu yaondoke, na kinakoenda baadaye si kazi yake kukifuatilia. Watu wakacheka. Mke wangu akageuka pale alipokaa.

"Wewe si una kahawa?" akamwambia. "Unaimenya kwenye mashine, mbegu inabaki, maganda yanatoka na maji kwenye mfereji. Sasa mashine ikizeeka na mfereji ukiziba, hayo maganda yatakwenda wapi? Yataozea uani kwako, na harufu tutaisikia sisi."

Daktari alicheka mpaka akafunga daftari. Akasema ini ndiyo mashine na figo ndiyo mfereji, na kwamba kuanzia siku hiyo atatumia mfano huo kila kijiji. Na kweli, tangu hapo hatukusikia tena jina la kitaalamu la vile vipande. Yalikuwa maganda tu.

Masharti yalikuwa haya. Kwanza damu ipimwe kuona hali ya figo. Halafu wiki mbili bila dawa yoyote ya maumivu, ya dukani wala ya mizizi. Mwisho siku moja hospitalini mjini: unameza kidonge kimoja mbele yao, wanakutoa damu kidogo kidogo kutwa nzima, na mkojo wote unawekwa kwenye dumu. Kila mshiriki alitakiwa awe na mtu wa nyumbani wa kuandika kila jioni dawa alizomeza. Kwangu ilikuwa wazi ni nani.

Kipimo cha kwanza kilionyesha figo za mke wangu zimechoka kidogo. Daktari alisema hilo si la kushangaza kwa mtu aliyemeza vidonge miaka yote hiyo. Wiki mbili za kupumzika zingesaidia kujua: figo zikipata nafuu, basi tatizo ni vidonge, na dawa yake ni kuviacha. Mke wangu aliweka sahihi yake taratibu, jina kamili, herufi moja moja. Alikuwa mzee wa kanisa. Watu walipogombania mpaka wa shamba walimwita yeye aje aseme alichokiona, na akishasema, ugomvi ulikwisha.

Siku tatu za kwanza alivumilia. Asubuhi ya siku ya nne sikuamshwa na sauti yake bali na kutosikia sauti yake. Alikuwa amelala chali, anapumua kwa pua, ameuma ncha ya kanga. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nikamkanda tena. Siku ya tano ilikuwa Jumapili, na hakuweza kuinuka kitandani. Tangu nimwoe, alikuwa hajakosa ibada isipokuwa kwa kujifungua au kwa msiba. Aliniambia niende peke yangu, nikakataa. Kengele ilipolia tukaisikiliza wote wawili.

"Meza kimoja tu," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Nimeandika jina langu pale."

Hapo lazima nieleze jambo moja. Kwa sisi Wameru wa rika langu, mwanaume kupika ni kichekesho. Lakini magoti yake yalipozidi nilijifunza, kwa sababu hakuweza tena kusimama jikoni, na majirani wakanicheka mpaka wakachoka. Chakula nilichokiweza zaidi ni loshoro, mahindi yaliyokobolewa na ndizi, vikapikwa, vikapondwa, na kuchanganywa na maziwa mgando. Ni chakula kizito, kichachu. Kinameza ladha ya kitu chochote unachokitia ndani yake.

Jioni ya Jumapili ile nilichukua kidonge. Kilikuwa na ganda la rangi ya chungwa. Nikalikwangua kwa kisu ili rangi isionekane, nikasaga kilichobaki kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga kwenye bakuli lake. Nilikuwa na huruma nyingi siku hiyo, na nilidhani huruma inatosha.

Alikula akamaliza. Akasema, "Leo chumvi umeipatia."

Kesho yake alishuka ngazi za baraza akitazama mbele. Alikwenda kuangalia kuku, akarudi akiimba chini chini. Sikuweza kuacha. Nilimwekea kidonge kila jioni mpaka wiki mbili zikaisha, na kila jioni, baada ya kuosha lile bakuli, nilifungua daftari la utafiti nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa karani: Hakuna. Mara kumi nimeandika Hakuna, na mara zote kumi ni uongo.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kwa miguu yake. Wakati wa ushuhuda ulipofika, akasimama. Alisema alikuwa akitembea kwa vidonge, na sasa ameviacha kwa sababu ametoa ahadi, na alipolala akilia kwa maumivu alimwomba Mungu, na Mungu amemtembeza. Watu wakasema amina kwa nguvu, maana walimjua si mtu wa maneno mengi. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, naangalia viatu vyangu. Nikaona sasa nimenasa. Nikiacha kumwekea, maumivu yatarudi, naye ataona Mungu ndiye aliyemwacha.

Siku ya hospitali gari la mradi lilituchukua, wazee wanne na mimi msindikizaji. Jirani yule mbishi naye alikuwemo, amelipakata dumu lake kama mtoto. Alisema maisha yake yote amepeleka maziwa kwenye ushirika yakapimwa, lakini hajawahi kufikiria kwamba na haya yatapimwa.

"Wewe angalia tu wasikwambie yako yana maji," mke wangu akamjibu, na gari zima likacheka mpaka Tengeru. Nilimtazama akicheka. Nilifikiri kwamba nimefanya jambo jema.

Baada ya wiki tatu simu ikaja, tuende mjini wote wawili. Yule daktari alitupokea kwenye chumba kidogo, akafunga mlango, akavuta kiti chake kikawa karibu na cha mke wangu. Alisema mkojo wa asubuhi ile, kabla hajameza kidonge cha utafiti, ulikutwa na maganda. Tena si machache. Ndani ya damu dawa yenyewe ilikuwa karibu imekwisha, kwa sababu haikai humo kwa muda mrefu, lakini maganda yalikuwa bado yanatoka. Na figo hazikupata nafuu. Zilikuwa zimeshuka kidogo kuliko mwanzo.

"Bibi, hapa hakuna wa kukugombeza," akasema. "Maumivu si mchezo. Wengine nao walimeza, wakaniambia. Niambie tu na wewe."

"Mwanangu, sikumeza."

"Hata kimoja?"

"Hata nusu."

Daktari akafunua daftari letu, akapitisha kidole kwenye mistari yangu. Kisha akanigeukia mimi. "Babu, wewe ndiye uliyejaza hapa. Ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli."

Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, mengine makubwa kwa macho ya watu kuliko hilo. Lakini maneno hayo mawili ndiyo ninayoyasikia nikiwa peke yangu.

Daktari alifunga daftari, akasema kwamba kama kweli hakumeza, basi figo zina ugonjwa mwingine uliojificha, na hauwezi kuachwa hivyo. Atamwandikia barua ya hospitali kubwa ya rufaa. Huko watamlaza, watamchoma sindano ndefu mgongoni, watoe kipande kidogo cha figo wakakiangalie. Alisema si jambo jepesi kwa umri wake, kwa sababu wengine huvuja damu. Na kwenye utafiti itabidi aondolewe.

Mke wangu aliuliza wameandika nini kwenye faili lake. Daktari hakutaka kusoma, lakini akasoma: mshiriki alitumia dawa na hakusema.

"Niandikie hiyo barua ya sindano," mke wangu akasema. "Waitazame figo. Labda itanisemea."

Tulirudi nyumbani. Siku zilizofuata hakununa. Alikwenda kwa mchungaji akaomba apumzike uzee wa kanisa mpaka jambo lake lieleweke. Alizikusanya bahasha zote tupu za vidonge kutoka kwenye droo, akazihesabu. Alikuwa akisimama katikati ya chumba akitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nikimwona, na kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nikapika, nikaendelea kumtilia kidonge.

Barua ya rufaa ilisema aende siku ya Alhamisi. Jumatatu mchana tulikuwa tumekaa uani tunamenya ndizi, yeye kwenye kigoda chake kirefu nilichomtengenezea kwa ajili ya magoti. Akaniuliza bila kunitazama.

"Baba, nitakuuliza kitu, na usinifiche. Nimeanza kusahau?"

"Kusahau nini?"

"Mambo. Mama yangu alianza hivi hivi. Alikuwa anakula, halafu anasema hajapewa chakula. Labda nilimeza na sikumbuki. Kama nilimeza nikasahau, basi yule binti ana haki, na mimi nimesimama kanisani nikasema uongo. Naomba uwe unaniangalia."

Ningeweza kuvumilia faili. Nadhani, na naona aibu kuliandika hili, ningeweza kuvumilia hata sindano, nikikaa nje ya chumba na kuomba isimdhuru. Lakini yeye kuogopa akili yake mwenyewe, akaja kuniomba mimi niwe mlinzi wake, hilo sikuliweza.

"Hujasahau kitu," nikasema. "Nilikuwekea mimi. Kwenye loshoro."

Aliendelea kumenya ndizi mpaka akaimaliza. Akaitia kwenye maji. Akachukua nyingine.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile uliyoshindwa kuamka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaweka kisu chini. "Kwa hiyo siku ile nimesimama mbele za watu, wewe umekaa pale, unajua."

Nikasema ndiyo. Nilianza kueleza jinsi alivyokuwa akiuma kanga, na kengele ilivyolia, lakini akainua mkono kidogo, nikaacha.

"Ungeniacha niumie," akasema, "ningekusamehe kabla ya chakula cha jioni. Hili nipe muda."

Siku hiyo hakula chakula changu. Alijichomea ndizi mbili kwenye makaa, akala na chumvi. Kulala alihamia kwenye chumba kilichokuwa cha mabinti zetu, na alibaki huko kwa siku nyingi. Lakini kabla ya hapo, jioni ile ile, aliniletea simu mkononi. Hakusema nimpigie nani.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kilikuwa cha nguvu gani, saa ngapi, mara ngapi, na kama kulikuwa na siku nilizoruka. Nikamwambia yote. Kisha akasema, "Babu, ungenyamaza mpaka Alhamisi," na hakuimalizia sentensi yake. Aliiahirisha sindano. Aliagiza asipewe kidonge hata kimoja cha aina ile, anywe maji, na apimwe tena baada ya muda. Nami nikaenda mjini peke yangu. Nikawekewa lile daftari mbele yangu, na pembeni ya kila Hakuna ya uongo nikaandika kilichokuwepo, nikatia sahihi. Kwenye faili aliongeza mstari: alipewa na mume wake bila yeye kujua. Nilimwomba anisomee mara mbili, ili nikaufikishe nyumbani kama ulivyo.

Nilipomfikishia, mke wangu alitikisa kichwa.

"Huko kumeandikwa. Na kanisani?"

Nikasema kule hakuna aliyejua, na mtu akisikia itamchanganya imani yake.

"Sikumsingizia Mungu ubaya, nilimsingizia wema," akasema. "Lakini ni kumsingizia vile vile."

Kipimo kilipokuja, figo zilikuwa zimepata nafuu. Hazikuwa mpya, na daktari alisema hazitakuwa, lakini sindano haikuhitajika tena. Maumivu yalirudi yote. Sasa tunatumia maji ya moto, na mafuta ya kuchua, na fimbo aliyoikataa kwa miaka mingi, na dawa nyingine nyepesi ambayo daktari mwenyewe ameiandika na mke wangu mwenyewe anaihesabu. Kuna asubuhi anauma kanga. Nakaa kitandani kando yake, nashika mguu wake, na siongezi kitu kingine. Ni kazi ngumu kuliko kusaga kidonge.

Jumapili ya kwanza alipoweza kwenda tena, tulikwenda polepole mno, tukafika wimbo wa pili umeshaimbwa. Wakati wa ushuhuda akasimama, ameegemea benchi la mbele yake. Alisema siku zile alizosema anatembea bila dawa, haikuwa hivyo. Kulikuwa na dawa kwenye chakula chake na yeye hakujua. Alisema kumwomba Mungu alimwomba kweli, na anaendelea kumwomba, lakini lile jibu halikuwa lile, na hataki watu wabaki na jambo ambalo halikutokea. Kisha akakaa. Hakusema ni nani aliyeweka.

Kila mtu mle ndani anajua nani anapika nyumbani kwetu. Walishanicheka miaka yote hiyo. Ningeweza kubaki nimekaa na wangejua tu. Lakini nilikumbuka nilivyosema "ni kweli" kwenye kile chumba kidogo, jinsi ilivyokuwa rahisi, na nikasimama. Mimi si mtu wa kusema kanisani.

"Ni mimi niliyeweka," nikasema. "Yeye alikataa kumeza. Nikamdanganya, nikamdanganya daktari, na nikawaacha ninyi mkasema amina. Mke wangu hakusema uongo. Naomba arudi kwenye kazi yake."

Nilikaa. Mchungaji akatangaza wimbo.

Nje baada ya ibada wanawake walimzunguka, wakamshika mikono. Kwangu hawakuja wengi. Yule jirani mbishi ndiye aliyekuja, akasimama mbele yangu na kofia yake mkononi, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Mzee mwenzangu," akasema, "sasa nani tena atakubali kula kwako?"

"Mimi," mke wangu akasema nyuma yake. "Ila nitakaa jikoni, nimwangalie."

Akanipa fimbo nimshikie, akashika mkono wangu badala yake, tukaanza kupanda. Tulipumzika mara nne njiani. Nyumbani tulipasha makande yaliyolala, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyebakiwa na nguvu za kupika.